Ndiyo, ndizi ina mionzi. Maharage yana zaidi

Kuna ujumbe huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, unapotea, kisha unarudi tena: ndizi ina mionzi, wataalamu wamethibitisha, wajulishe ndugu zako. Wapo wanaoufuta bila kuumaliza. Wapo pia wanaoanza kuitazama mikungu ya sokoni kwa mashaka. Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa ziada, maana mfanyabiashara anayeingiza au kusafirisha chakula anajua kwamba sampuli ya mzigo wake hupimwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, kabla hajapewa cheti. Mtu hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza: kama chakula hakina mionzi, kinachopimwa ni nini? Na kama kinayo, mbona tunakila?

Ujumbe ule umebeba jambo la kweli. Ndizi ina mionzi, na haikutiwa na mtu. Iko ndani yake kwa asili. Kinachopotosha ni kuifanya iwe habari mpya, tena inayoihusu ndizi peke yake. Muhogo unayo, maziwa yanayo, mchicha unayo kwa wingi, nyama ya mbuzi inayo, na wewe unayesoma hapa unayo mwilini mwako tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako. Babu zetu walikula mionzi hiyohiyo, na kwa kweli waliotutangulia miaka milioni kadhaa iliyopita walikula zaidi kidogo kuliko sisi. Tutaona kwa nini.

Tuanze na maneno yenyewe. Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na katikati ya kila atomu kuna kiini. Atomu nyingi zina kiini kilichotulia: ziko hivyo leo, na zitakuwa hivyo miaka bilioni ijayo. Chache zina kiini kisichotulia. Siku isiyojulikana, bila kuguswa na yeyote, kiini hicho hubadilika kuwa cha elementi nyingine na kutupa nje nishati, ama kwa chembe ndogo sana ama kwa mwale. Tabia hiyo huitwa unururifu, na kile kinachotupwa nje ndiyo mionzi. Henri Becquerel aliigundua Paris mwaka 1896, alipokuta chumvi za urani zimeacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa lisipate mwanga. Miaka miwili baadaye Marie Curie na mumewe Pierre wakagundua poloniamu na radiamu. Kwa hiyo sisi tumeyajua mambo haya kwa zaidi kidogo ya karne moja, lakini yenyewe ni ya kale kuliko dunia.

Ukitaka kuuelewa unururifu, fikiria sufuria ya bisi. Punje ziko ndani, na huwezi kusema ni ipi itakayopasuka sasa. Lakini ukitega sikio unaweza kuhesabu ni ngapi zinapasuka katika kila sekunde. Punje iliyopasuka imemaliza kazi, haipasuki mara ya pili, na haiifanyi jirani yake ipasuke. Kadiri punje nzima zinavyopungua, ndivyo milio inavyozidi kuwa michache. Hesabu ya milio kwa sekunde ndiyo kipimo kiitwacho bekereli: bekereli moja ni kiini kimoja kinachobadilika katika sekunde moja. Na muda unaopita hadi nusu ya punje zote ziwe zimepasuka huitwa nusumaisha. Kuna atomu ambazo nusumaisha yake ni siku nane, na kuna ambazo ni mabilioni ya miaka.

Tofauti ni moja, na ina maana jikoni: hapa hakuna moto unaosukuma. Viini hivi havijali joto wala baridi. Kuchemsha, kukaanga, kuanika juani au kugandisha hakuharakishi wala hakucheleweshi hata kimoja. Kwa hiyo anayekwambia chemsha sana ili mionzi itoke, hajui anachokisema. Ukichemsha viazi, sehemu ya potasiamu yake huhamia kwenye maji, na ukiyamwaga maji umeimwaga pamoja na mionzi yake, lakini umemwaga kirutubisho bila kupata faida yoyote.

Potasiamu ndiyo mhusika mkuu wa habari hii. Ni madini ambayo hakuna mmea wala mnyama anayeishi bila hayo. Mapigo ya moyo, kukaza na kulegea kwa misuli, ujumbe unaopita kwenye neva, vyote vinaitegemea. Wakulima wanaijua kwa herufi K kwenye mfuko wa mbolea ya NPK. Sasa, katika potasiamu yote iliyopo duniani, takriban atomu moja kati ya kila 8,500 ni ya aina iitwayo potasiamu-40, ambayo kiini chake hakijatulia. Mmea hauwezi kuchagua. Mzizi unapofyonza potasiamu unafyonza na hiyo, na mwili wako vivyo hivyo. Gramu moja ya potasiamu, popote ilipo, hutoa takriban bekereli 31.

Ukishaijua namba hiyo, unaweza kukadiria mwenyewe mionzi ya chakula chochote kwa kuangalia potasiamu yake. Kilo ya ndizi mbivu, bila maganda, ina bekereli kama 110. Viazi mviringo 130. Muhogo mbichi zaidi kidogo ya 80. Mchicha 190 au karibu na hapo. Lita ya maziwa haifiki 50, na kilo ya mchele mweupe ina bekereli 35 hivi, kwa sababu kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya potasiamu pamoja na pumba. Maharage makavu yanapita 400 kwa kilo. Na ile chumvi yenye sodiamu kidogo ambayo baadhi ya watu wenye shinikizo la damu hushauriwa kuitumia, mara nyingi huchanganywa na kloridi ya potasiamu, ambayo ikiwa tupu ina bekereli zipatazo 16,000 kwa kilo. Sijui kwa nini ni ndizi iliyopewa jina baya wakati maharage yapo.

Mtu mzima wa kilo 70 ana gramu kama 140 za potasiamu mwilini. Zidisha kwa 31: zaidi ya viini 4,000 vinabadilika ndani yake kila sekunde, akiwa amelala au anatembea. Ongeza na kaboni-14, inayozaliwa juu angani pale mionzi ya anga za mbali inapogonga hewa, ikaingia kwenye majani ya mimea na kutoka hapo kwenye kila chakula. Hiyo huleta bekereli nyingine 3,000 na zaidi.

Potasiamu-40 ilikuwamo kwenye vumbi lililounda dunia miaka bilioni 4.5 iliyopita. Nusumaisha yake ni miaka bilioni 1.25, kwa hiyo imeshapungua nusu zaidi ya mara tatu, na iliyobaki ni chini ya moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana nilisema waliotutangulia walikula zaidi. Na hapa niwakumbushe jambo la fahari kwetu. Sehemu ya potasiamu-40 ikibadilika huwa gesi ya argoni, na argoni hiyo hunaswa ndani ya mwamba wa volkano tangu siku ulipopoa. Ukipima potasiamu na argoni kwenye mwamba, unapata umri wake. Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika bonde la Olduvai mwaka 1959, ni njia hii iliyotumika kupima tabaka la majivu ya volkano, na mwaka 1961 ikatangazwa kwamba umri wake ni miaka milioni 1.75. Ulimwengu ulistuka, kwa sababu wengi walidhani historia ya binadamu ni fupi zaidi ya hapo. Mionzi ileile iliyomo kwenye ndizi ndiyo iliyotoa ushahidi wa ukale wetu.

Mpaka hapa nimehesabu milio tu. Hesabu ya bekereli haikuambii madhara, na wengi wanaosambaza au kupinga ujumbe ule hupotea hapahapa. Kuna aina tatu za mionzi zinazotuhusu. Alfa ni chembe nzito isiyofika mbali. Karatasi inaizuia, na ngozi yako inaizuia. Ikiwa nje haikudhuru, ila ikiwa ndani ya mwili hutua nguvu zake zote kwenye seli chache zilizo karibu. Beta ni nyepesi na hupenya milimita kadhaa. Gama ni mwale unaopenya mwili mzima. Kwa kuwa kila moja huumiza kwa kiwango chake, na kila elementi hukaa mwilini kwa muda wake na katika kiungo chake, wanasayansi hutumia kipimo kingine kinachojumlisha yote hayo: siveti. Siveti moja ni nyingi mno. Mtu akiipata kwa mara moja huugua. Kwa hiyo maisha ya kawaida hupimwa kwa milisiveti, yaani sehemu moja ya elfu, au mikrosiveti, sehemu moja ya milioni.

Kwa wastani wa dunia, kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia athari za mionzi hukadiria kwamba mtu hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili. Karibu nusu yake hutoka kwenye gesi ya radoni, inayopanda kutoka ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba zisizopitisha hewa. Nyingine hutoka angani, na nyingine kwenye udongo na mawe tunayoyakanyaga. Chakula na maji huchangia milisiveti 0.29 tu, na kati ya hizo 0.17 ni za potasiamu-40. Picha ya eksirei ya kifua kwa kawaida haizidi milisiveti 0.1, wakati CT scan ya tumbo inaweza kufika 8 au 10.

Ndizi moja ya kawaida, yenye bekereli kama 15, kwa hesabu ya vitabu hutoa mikrosiveti 0.1. Ungehitaji kula ndizi 65 kila siku, mwaka mzima, ili ufikie ile milisiveti 2.4 ambayo tayari unaipata bure kutoka kwenye mazingira. Hesabu hii inapendwa sana, na watu huitumia kufanya mzaha wa hofu za wengine. Mimi naona ina kasoro inayostahili kusemwa waziwazi.

Mwili hauiachi potasiamu ijikusanye. Figo zinailinda iwe kwenye kiwango kilekile usiku na mchana. Ukila zaidi ya mahitaji, ya ziada hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo mtu anayekula ndizi tano kwa siku hana potasiamu-40 nyingi mwilini kuliko asiyekula hata moja. Ile milisiveti 0.17 ni ya mwili wenyewe, na hubaki hapo hata ukila nini. Ndiyo kusema ndizi haikuongezei karibu chochote, lakini pia ndiyo kusema ndizi haifai kuwa kipimo cha kulinganishia vitu vingine ambavyo mwili hauvidhibiti. Ajali ya kinu cha nyuklia ikitokea na mtu akasema ni sawa na kula ndizi kadhaa, amelinganisha vitu visivyofanana.

Kuna kundi moja ambalo kweli huambiwa lipunguze ndizi, viazi, maharage na mboga za majani: wagonjwa wa figo. Sababu yake ni potasiamu yenyewe. Figo zikishindwa kuitoa, hupanda kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuusimamisha. Mionzi haihusiki hata kidogo. Nalisisitiza hili kwa sababu ni rahisi mtu kumwona jirani yake aliye kwenye dayalisisi amekatazwa ndizi, kisha akaunganisha na ule ujumbe wa WhatsApp.

Potasiamu ina kelele nyingi, lakini kwa kila mlio madhara yake ni madogo. Poloniamu-210 iko kinyume chake. Inatokana na urani iliyomo kwenye miamba, ambayo hubadilika hatua kwa hatua, kutoka elementi moja hadi nyingine, ikipita kwenye radiamu na radoni, na mwishoni huwa metali ya risasi, iliyotulia. Poloniamu ni kituo cha mwisho kabla ya hapo. Hutoa alfa, na kwa kila bekereli unayoimeza, makadirio ya madhara yake ni karibu mara 200 ya bekereli ya potasiamu-40. Kwa hiyo mtu wa kawaida humeza bekereli zisizofika 60 za poloniamu kwa mwaka mzima, na hata hivyo zinampa kama milisiveti 0.07, zaidi ya theluthi moja ya ile inayotolewa na maelfu ya milio ya potasiamu.

Poloniamu hupatikana zaidi kwenye vyakula vya baharini. Viumbe vidogo vinavyoelea majini huikusanya, samaki huvila, nayo hujaa kwenye ini na matumbo. Ndiyo maana chaza, kome na samaki wadogo wanaoliwa wazima bila kutolewa utumbo huwa nayo nyingi kuliko mnofu wa samaki mkubwa. Watu wa mwambao wanaokula sana vitoweo vya bahari wanapata kiasi kikubwa kuliko wa bara, mara kadhaa zaidi. Je, waache? Hapana. Hata wao kiwango chao kimo ndani ya tofauti za kawaida zilizopo kati ya mahali na mahali duniani, na samaki ana protini na mafuta ambayo faida yake kwa mtoto na mjamzito inajulikana. Nusumaisha ya poloniamu ni siku 138, kwa hiyo hata dagaa wa bahari waliokaa ghalani hupungukiwa nayo wenyewe, ingawa sioni sababu ya kumfanya mtu asubiri.

Pahali ambapo poloniamu ni tatizo la kweli ni kwenye sigara. Jani la tumbaku lina vinyweleo vinavyonata, ambavyo hunasa vumbi lenye risasi-210 na poloniamu, na nyingine hupanda kutoka kwenye udongo wenye mbolea ya fosfeti. Moto wa sigara huigeuza kuwa mvuke, ikaingia moja kwa moja kwenye mapafu na kukaa palepale. Jambo hili lilichapishwa mwaka 1964. Anayeogopa ndizi huku ana pakiti mfukoni ana hofu iliyokosea njia.

Na poloniamu inatufundisha kitu kingine. Mwaka 2006 Alexander Litvinenko, aliyewahi kuwa jasusi wa Urusi, aliuawa London kwa poloniamu-210 aliyotiliwa kwenye chai. Atomu zilikuwa aina ileile iliyomo kwenye samaki. Kilichotofautiana ni kiasi, mabilioni ya bekereli kwa mara moja. Kwa hiyo simkubali anayesema mionzi ya asili haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Seli haijui kama mwale umetoka kwenye mwamba wa Mungu au kwenye kinu cha binadamu. Tunaangalia ni elementi gani, ni kiasi gani, imeingia kwa njia ipi, na inakaa mwilini muda gani.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima ya Machi 2011, Japani iliweka kikomo kipya mwezi Aprili 2012: chakula cha kawaida kisizidi bekereli 100 za sesiamu kwa kilo. Mchele wenye 110 ulikataliwa. Lakini tumeshaona kwamba maharage yana zaidi ya 400 za potasiamu na hakuna anayeyakataa. Je, Wajapani walitia chumvi? Au sisi tunakula sumu?

Hakuna kati ya hayo. Sesiamu-137 hutengenezwa pale urani inapopasuliwa kwenye kinu au bomu. Kabla ya enzi ya nyuklia haikuwamo kwenye chakula. Mwili huidhania kuwa potasiamu na kuipeleka kwenye misuli, lakini hauna kiwango maalumu cha kuilinda. Ukila zaidi, unakuwa nayo zaidi. Huchukua takriban siku 100 kwa mtu mzima kuitoa nusu yake, na ukiendelea kula chakula kilichochafuliwa inazidi kupanda. Kwa kila bekereli inayomezwa, athari yake ni kama mara mbili ya potasiamu-40. Nayo huja juu ya ile mionzi ya asili, haiji badala yake. Japani ilipiga hesabu kwamba mtu asizidishiwe zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka, hata kama nusu ya chakula chake kimetoka maeneo yaliyoathirika. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinaruhusu bekereli 1,000 za sesiamu kwa kilo baada ya ajali, kwa kuwa vinachukulia kwamba ni sehemu ya kumi tu ya chakula cha mtu itakayokuwa imechafuliwa. Namba mbili zinatofautiana mara kumi, na zote zimekokotolewa kwa uangalifu. Ukizisoma bila kujua zilivyokokotolewa utadhani mmoja anadanganya.

Na kwamba uchafuzi wa chakula si hadithi, watoto wa Belarus, Ukraine na Urusi ni ushahidi. Baada ya kinu cha Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986, iodini-131 ilianguka kwenye malisho, ng'ombe wakala nyasi, watoto wakanywa maziwa. Tezi ya shingo hufyonza iodini kwa pupa, na ya mtoto ni ndogo. Hadi mwaka 2005 zaidi ya visa 6,000 vya saratani ya tezi vilikuwa vimeripotiwa kwa waliokuwa watoto au vijana wakati huo, na sehemu kubwa inahusishwa na maziwa yale. Nusumaisha ya iodini-131 ni siku nane tu. Kama maziwa ya wiki za mwanzo yangezuiwa kila mahali, wengi wao wangeepushwa.

Hapo ndipo lile swali la mfanyabiashara linapopata jibu. Sampuli ya unga au maziwa ya unga ikifika maabara, huwekwa kwenye kifaa kilichozungushiwa risasi nzito ili mionzi ya ukuta na sakafu isiingie. Kifaa hicho hakisikilizi milio tu. Kinapima nguvu ya kila mwale wa gama, na kila elementi ina nguvu yake isiyofanana na ya mwingine. Nguvu hiyo hupimwa kwa kiloelektroni-volti: potasiamu-40 hujitokeza kwenye 1,461, sesiamu-137 kwenye 662. Mtaalamu anaiona potasiamu kila siku, kwenye kila chakula, na haimshughulishi. Anaitafuta sesiamu na wenzake. Kwa hiyo cheti hakisemi kwamba mzigo wako hauna mionzi kabisa. Kinasema hauna uchafuzi uliozidi kikomo. Ni mambo mawili tofauti, na nadhani taasisi zetu zingepunguza malalamiko mengi kama zingelieleza hili kwa lugha ya sokoni.

Kuna mikanganyiko mingine ambayo haihitaji maneno mengi. Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya jamii ya redio, ambayo hayana nguvu ya kugusa kiini cha atomu. Chakula hakitoki na mionzi. Vilevile viungo na vyakula vinavyopigwa mionzi ya gama kiwandani ili kuua vijidudu havibaki na unururifu, kama wewe usivyobaki na unururifu baada ya eksirei. Kamati ya pamoja ya WHO, FAO na shirika la kimataifa la nguvu za atomiki ililipitia suala hilo mwaka 1980 na kuona halina hatari kwa viwango vinavyotumika. Wazanzibari wanao mfano wa karibu zaidi: mbung'o alitokomezwa Unguja, na mwaka 1997 ikatangazwa hivyo, baada ya kuachiliwa mamilioni ya madume yaliyohasiwa kwa gama. Ng'ombe wakapona ugonjwa wa nagana, na hakuna aliyeugua kwa sababu ya madume yale.

Yanayostahili kuangaliwa zaidi kuliko ndizi yapo chini ya miguu yetu. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambayo asili yake ni kinyesi cha ndege na mifupa ya samaki wa ziwa la kale, ina urani nyingi kiasi kwamba mwamba wake hufika maelfu ya bekereli kwa kilo. Ikishasambazwa shambani huchanganyika na udongo mwingi mno, na mahindi yanayoota hapo hayabadiliki kwa namna ya kutisha. Anayestahili barakoa na vipimo vya mara kwa mara ni mfanyakazi anayevuta vumbi lake kila siku. Mlima Mrima wa Kwale, Kenya, nao una toriamu nyingi, elementi nyingine yenye unururifu, kwenye udongo wake pamoja na niobi na madini adimu, na mionzi ya pale ni ya juu kuliko kawaida tangu kabla ya mgeni yeyote kuja na mashine ya kupimia.

Kisha kuna maji, ambayo kwangu ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Bahi mkoani Dodoma na Manyoni mkoani Singida, urani imekutwa karibu na uso wa ardhi. Maji ya kisima yanayopita kwenye miamba ya aina hiyo yanaweza kuiyeyusha, na haina rangi wala ladha. Shirika la Afya Duniani hupendekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 30 za urani kwa lita, na sababu yake kubwa ni kemikali: urani hudhuru figo kama metali nzito nyingine kabla mionzi yake haijawa na uzito. Kwa mionzi, hupendekeza kupima kwanza jumla ya alfa, isizidi bekereli 0.5 kwa lita, na jumla ya beta, isizidi 1. Ikizidi hapo, haina maana maji ni sumu. Ina maana vipimo vya kina vifuate ili ijulikane ni elementi gani iliyomo. Kijiji kinachochimbiwa kisima kirefu kwenye maeneo hayo kinapaswa kuomba vipimo hivyo kabla bomba halijafunguliwa, na majibu yaletwe kwa namba zenye jina la elementi na kiasi chake kwa lita, yabandikwe pale ofisi ya kijiji ambapo kila mtu atayasoma.